Taa ya Kijani Kando ya Mto

Kilosa, Jumanne, mwezi wa tatu

"Binti, umetuharibia taa." Hiyo ndiyo shukrani niliyopewa leo na Mzee Saidi.

Anakaa jirani kabisa na mto. Kila jioni hutazama taa ya sanduku la tahadhari ya mafuriko ambalo sisi mafundi tulilifunga pale ukingoni. Ikiwa ya kijani, yeye na wajukuu wanalala bila wasiwasi. Leo nimefungua mipangilio yake kwenye laptopu, nikakuta taa hiyo imeunganishwa na betri, si na kipimo cha kina cha maji kilichomo mtoni. Kumbe muda wote ilikuwa inamwambia betri imejaa, basi. Waya wa kipimo wenyewe ng'ombe wameshaukata, sijui tangu lini. Na mvua inavyonyesha huko milimani…

Nimebadilisha, sasa taa inafuata kipimo. Papo hapo ikawa nyekundu, maana kipimo hakileti habari yoyote.

"Mbona jana ilikuwa nzima?" akaniuliza mzee. Nikamweleza tena, taratibu. Waya mpya bado uko Morogoro, na hilo linanitia hofu.

Magharibi nimemwona akipanda na wajukuu na magodoro kwenda kulala kwa dada yake mlimani, akinilaumu njia nzima.

Anilaumu tu.