Minazi ya Bi Mwanahawa

Jumatatu, 4 Agosti 1952
Chai, kisha ukurasa wa mwisho wa tafsiri. Mchezo wa Warusi: jamaa wenye shamba la matunda wanashindwa kulinusuru, linauzwa, miti inakatwa. Bwana Pratt, Mzungu wa ofisi ya filamu, anautengenezea filamu hapa Temeke, minazi badala ya matunda. Kiswahili chake nimekiandika mimi. Kimekaa vizuri, na sioni haya kujisifu katika daftari langu mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti
Shamba limepatikana. La Mzee Salum, nyuma tu ya shule ninayofundisha. "Ardhi yangu hiyo, mwalimu. Karibuni, pigeni picha zenu." Kisha akaondoka kwenda Bagamoyo msibani.

Jirani yake, Bi Mwanahawa, ataigiza mama mwenye shamba. Mjane, anauza nazi na makuti. Hajui kusoma. Nilimsomea maneno yake mara mbili, akayashika yote. Nimeona wivu kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti
Mazoezi. Bi Mwanahawa anakaa kitini, ameipa minazi mgongo, anasikia shoka, analia. Shoka tunaligonga kwenye gogo. Halii vizuri. Anaangua kicheko katikati.

Bwana Pratt akaniita pembeni. Kesho anataka minazi ya kweli iangushwe, na bibi asiambiwe, ili ashtuke. Akauliza kama mwenye shamba ameridhia. Nikasema ndiyo. Mzee Salum sikuwa nimemwuliza habari ya kukata. Nilitaka filamu iishe vizuri, nikaona nitamweleza akirudi.

Ijumaa, 8 Agosti
Niandike tu.

Mnazi wa kwanza ulianguka. Bi Mwanahawa akageuka. Akapiga yowe, akakimbia, akaukumbatia wa pili. "Minazi yangu! Mwalimu, waambie, minazi yangu!" Maneno hayo hayamo katika tafsiri. Nilidhani ameyatunga. Nikapiga makofi. Mungu wangu, nilipiga makofi. Kamera haikusimama. Wakata miti wakamwondoa pale taratibu, wakidhani ndivyo mchezo unavyotaka, wakaangusha wa pili, wa tatu, wa nne.

Aliyesimamisha kazi ni mkata miti mmoja, Mzaramo wa Mtoni. Aliweka shoka chini. "Mwalimu, huyu mama haigizi. Ardhi ya Mzee Salum, minazi ya Bi Mwanahawa. Marehemu mumewe ndiye aliyeipanda. Kumbe wewe hujui?"

Sikujua. Mwaka wa pili huu nakaa hapa. Nilikolelewa, bara, mwenye ardhi ndiye mwenye mti. Huku pwani ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Watoto wa darasa langu wangeniambia, lau ningewauliza.

Bi Mwanahawa alikuwa na minazi sita. Imebaki miwili.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemwambia Bwana Pratt ukweli, kwamba sikuomba ruhusa. Akasema ofisi itamfikiria bibi. Nikamwomba kipande kile kisionyeshwe. Amekataa. Anasema ndicho kizuri kuliko vyote. Kinachonitisha ni kwamba hakukosea.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikusikia neno. Najichukia.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekwenda kwa Bi Mwanahawa baada ya masomo. Nikatoa shikamoo, akaitikia. Alikuwa uani anasuka makuti ya minazi iliyoanguka. Nikamweleza yote, na makofi pia.

Nilipomaliza akauliza, "Wale watu wa kwenye mchezo wenu, mwanangu. Miti yao ilipokatwa, walifanya nini?"

Nikasema walipanda treni, wakaenda kukaa miji mingine.

"Basi walikuwa na pa kwenda."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na dafu. Akalikata, akanipa. Nilijua lilikotoka: kwenye minazi tuliyoiangusha. Sikuthubutu kukataa. Nikanywa, na lilikuwa tamu, na yeye akakaa tena akaendelea kusuka.