Friji Inayolia Baba Akiwa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Imelia tena. Nina unga mikononi, nikasikia tii, tii, tii kutoka sebuleni. Mlango wa friza. Taa nyekundu inawaka, na kelele haikomi mpaka mlango ufungwe sawasawa.

Ni kazi ya kusukuma tu. Lakini baba mkwe amekaa sebuleni, na mimi siingii alipo. Simtazami, simsemeshi, hatupishani kwenye korido. Ndivyo Wanyakyusa wa zamani walivyoheshimiana na wakwe zao, na huyu mzee ni wa zamani kweli. Vijana wengi wa hapa Kyela wameacha. Kwetu Ikombe, ufukweni, wangenicheka. Mimi nimeshika kwa sababu ya marehemu mama mkwe. Alinifundisha bila kunikaripia hata siku moja, akinionyesha nipite wapi na nikohoe wakati gani. Nilimpenda.

Basi nikasimama jikoni na unga wangu. Friji inalia, mzee hatoki. Baada ya muda nikasikia fimbo yake ikielekea barazani. Nikakimbia. Mlango uko wazi kiasi cha kupitisha kidole. Nikausukuma kwa nyonga, ukafungika.

Nani alimshauri mume wangu, Baba Atu, aweke friji sebuleni? Alitaka wageni waione. Haya, wameiona.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka kabla ya mzee. Nimeosha mpira wa mlango kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kila mkunjo, nikaukausha kwa kitambaa. Kisha nikabana karatasi mlangoni na kuivuta. Imeng'ang'ania juu, chini, pembeni. Mpira ni mzima.

Mchana imelia.

Ndani kuna mbasa aliowaleta mama kutoka Ikombe, kila mmoja kwenye mfuko wake. Ni wa mzee. Mbasa ndiye samaki pekee anayemfanya aombe nyongeza, na tangu afiwe na mkewe mwaka jana kula kwake kumekuwa kwa kubembelezwa. Wakiharibika nitalia kuliko hiyo friji.

Mzee mwenyewe simshuku. Hagusi friji. Maji ya baridi anasema yanamuuma meno, anakunywa ya mtungini.

Jumatano, 5 Machi

Labda imesimama vibaya. Mzee alipokuwa bafuni nimeinua miguu ya mbele kwa vipande vya ubao, iegemee nyuma kidogo ili mlango urudi wenyewe. Nimeujaribu. Unarudi vizuri, nikajisifu.

Adhuhuri, tii, tii, tii. Leo mzee alichelewa kutoka. Nilisimama nyuma ya pazia la korido nikikohoa mpaka koo likauma. Alipotoka, mbasa wawili walikuwa wameshalainika. Nimewapika na ndizi na mawese. Sahani imerudi na miba mitupu. Hasira zikaisha, nikacheka peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi amekuja kutoka mjini. Yeye hana mwiko, ameingia sebuleni, amepiga soga na mzee, amefungua na kufunga mlango mara nyingi. Friji haikulia. Mbele ya fundi inakuwa na adabu.

Akashauri akate waya wa kengele ili nipate amani. Nikamwambia akimaliza hapo akate na ulimi wa mbwa wangu, usiku nilale vizuri. Nimempa chai, nimemuaga. Ameondoka hajagusa kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Baba Atu amepiga simu kutoka Mbeya, aliko kikazi. Mzee amemwambia anataka kurudi kwake Bujonde Jumatatu. Kwa nini? Eti friji inamsema. Kila akiwa peke yake sebuleni inapiga kelele, na mimi siji mpaka atoke. Anaona ananizuia nyumbani kwangu mwenyewe, na mashine imechoka naye.

Nimekaa juu ya kinu, nimelia.

Bujonde ataishi na nani? Nyumba iko katikati ya majaruba ya mpunga, mvua zimeanza, tope lote. Mwezi wa kwanza alianguka shambani, akakutwa na jirani aliyekuwa anapita tu. Ndiyo sababu tulimleta hapa. Yeye anasema amekuja kutembea. Ukimuuliza habari za mguu, mzima. Kila siku mzima, na fimbo anaiegemea mpaka inapinda.

Nampenda huyu mzee. Sijawahi kumwona uso vizuri, lakini najua kikohozi chake, najua anavyoimba tenzi akidhani hakuna mtu. Sitaki aende. Na siwezi kwenda kumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee ameshinda barazani tangu asubuhi. Mvua ya upepo ilimrushia maji, akasogeza kiti tu. Hakuingia ndani ila kulala.

Friji imenyamaza siku nzima. Leo ningependa ilie.

Nimepika mbasa. Amekula nusu.

Halafu nikiwa naosha vyombo nikasimama. Mzee hayupo sebuleni, friji hailii. Mpira mzima, miguu sawa, fundi hakuona kitu. Basi kuna anachofanya. Nimeona aibu kumfikiria hivyo, lakini nimemfikiria.

Jumapili, 9 Machi

Nimesingizia kichwa. Mzee ameenda ibadani na bajaji ya jirani. Alipoondoka tu nimeitoa mizigo yote ya friza, nikaipanga sakafuni.

Mbasa, mbasa, mbasa. Kuku mmoja. Kisha nyuma kabisa ya droo ya juu, mfuko mmoja ambao si wangu. Mimi nafunga mifuko kwa fundo. Huu umefungwa kwa kamba ya mgomba, kwa ustadi, kama anayefunga mzigo wa kubeba mbali. Ulikuwa umekwama, droo haiingii mpaka mwisho usipoisukuma kwa nguvu, na droo isipoingia mlango haushiki.

Nikaufungua. Taulo. Lililowana, likaganda gumu, limepinda. Nililigeuza huku na huku, silielewi. Kisha nikaliweka juu ya goti langu. Likakaa palepale.

Kumbe ni goti. Anajikanda kwa barafu nikiwa jikoni, analirudisha taulo ligande, anasukuma mlango kwa kadiri anavyoweza huku amesimama mguu mmoja. Ikilia anatoka kunipisha. Na baba mkwe hawezi kumwomba mke wa mwanawe barafu ya goti. Goti la mzee kwa mkwe ni uchi. Angemwambia mwanawe, mwanawe angeniambia mimi, aibu ni ileile. Akaona heri aende zake.

Nimelia, nimecheka, nimelia.

Kisha kazi. Samaki wote droo za chini. Waliozidi nimempelekea jirani awahifadhi. Droo ya juu tupu. Nimelowanisha taulo tatu, nimezilaza juu ya bakuli zilizofunikwa ili zigande zikiwa zimepinda. Zilipoganda nimezitia mifukoni, nikafunga kwa kamba ya mgomba. Mafundo yangu mabaya, lakini atajua.

Baba Atu amefika jioni. Sikumwambia kitu. Goti si langu.

Jumatatu, 10 Machi

Begi la mzee lilikuwa tayari mlangoni. Baba Atu yuko bafuni. Mimi jikoni, masikio yote sebuleni.

Nikasikia mlango wa friza. Droo. Halafu mifuko ikachakacha, mmoja baada ya mwingine. Halafu droo ikarudi na mlango ukafungika. Haikulia.

Nilikwenda mpaka nyuma ya pazia. Nikageuza mgongo, nikatazama ukuta.

"Wewe friji," nikasema, "hukuwa unamsema mtu. Ulikuwa unalia kwa sababu droo imejaa samaki wangu. Sasa ya juu si yangu tena. Mwenyewe akiifungua usimpigie kelele."

Fimbo yake ikagonga sakafu. Nikajua nimeharibu. Kisha mzee naye akaiambia friji:

"Ugonile, mama, umeamkaje. Mwambie binti wa Ikombe taulo nimeziona. Ndaga fijo, asante sana. Goti linanisumbua tangu masika yaanze. Sikutaka asikie."

"Mwambie baba nimesikia, na sijaona kitu."

"Mwambie na mbasa wa juzi hakuwa na chumvi."

"Friji, chumvi ipo. Ni kwa anayekaa."

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka tangu msiba. Baba Atu akatokea na taulo kiunoni, akatutazama, mmoja huku na mmoja kule, tunaongea na friji. Akarudi bafuni.

Jumanne, 11 Machi

Baba Atu alikuwa ameshakodi gari dogo ampeleke mzee Bujonde. Mzee akamwambia aende peke yake, amletee godoro.

Limefika jioni. La sufi, zito, linanukia moshi wa nyumba ile. Nimelitandaza uani kwenye mkeka lipate hewa kabla ya kuliingiza chumbani kwake. Godoro la sufi hupigwa fimbo lijae, lirudi sawa. Nilishika fimbo kabisa.

Lina mabonde mawili, moja la kila upande. La marehemu mama mkwe ni dogo, la upande wa ukutani. Nimeweka fimbo chini. Nimelifuta vumbi kwa mkono, nikatandika shuka.