Walinzi Thelathini na Sita

Lumuma, 12 Julai 2025

Mwanangu Editha,

Sisi huku ni wazima, isipokuwa mgongo wa mama yako, nao umezoea kulalamika. Natumaini kazi ya kuongoza wageni hapo Mikumi inakwenda vyema.

Ile picha ya nyota za Wamisri uliyoichora katika tasnifu yako niliitundika sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa, ili kila anayeingia ajue binti yangu amesoma. Akina mama walipokuja kusali, wakawaona wale viumbe thelathini na sita wenye vichwa vya nyoka na simba, na maelezo yako chini: huyu huumiza kichwa, huyu koo. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani yetu Oswald akavimba koo. Basi, watu wakasema mashetani wametoka kwangu!

Wazee wa kanisa wanataka uje uichome picha mbele ya waumini na utubu. Usipokuja, tangazo la ndoa yako na Kornelio halitasomwa. Njoo, mwanangu. Ni karatasi tu.

Baba yako,
Mathayo

Mikumi, 17 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama pole; mimi ni mzima na kazi inaendelea.

Kwa heshima zote, sitakuja kuichoma. Wamisri wa kale walizigawa nyota katika makundi thelathini na sita. Kila baada ya siku kumi kundi jipya lilionekana likichomoza kabla ya jua, na kwa makundi hayo walijua saa za usiku. Kila kundi lilikuwa na roho yake mlinzi, hata wakayachora ndani ya vifuniko vya majeneza ili yamwongoze marehemu. Karne nyingi baadaye, watu wa imani nyingine wakasimulia kwamba Mfalme Sulemani aliwahoji roho haohao, na kila mmoja akakiri ugonjwa anaouleta. Walinzi wakafanywa mashetani, ilhali nyota zilikuwa zilezile. Hayo ndiyo niliyoyaandika, na ndiyo ninayotakiwa kuyatubu.

Mtoto amepelekwa zahanati, au anangoja niwashe kiberiti?

Binti yako,
Editha

Lumuma, 23 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako lilimuudhi Oswald, lakini mkewe alimpeleka mtoto zahanati, akapewa dawa, sasa anakula ugali. Wazee wanasema amepona kwa sababu niliishusha picha. Mama yako anasema ukaidi huu haukutoka ukoo wake.

Mimi ndiye mwinjilisti, na matangazo ya Jumapili nayasoma mimi. Wamenipa karatasi ya kusomwa tarehe 3 Agosti: Editha ametengwa na Meza ya Bwana, na ndoa yake imezuiwa. Nitayatamkaje hayo? Piga magoti mara moja tu, na moyoni ubaki na elimu yako. Nani atajua?

Baba yako

Mikumi, 29 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nitajua mimi. Na nikitubu leo, mtoto mwingine akiugua kesho watatafuta ukuta wa nani?

Kornelio anakusalimu. Anasema miongoni mwa wale thelathini na sita yupo anayetenganisha mume na mke. Anauliza kama ndiye mwenyekiti wa wazee.

Jumapili nina wageni, sitakuwepo. Isome karatasi yao, Baba. Isome wewe mwenyewe, wala nisisikie kwamba ulijifanya mgonjwa. Sitakulaumu, lakini sitakanusha hata sentensi moja ya tasnifu yangu.

Binti yako,
Editha

Lumuma, 4 Agosti 2025

Editha mwanangu,

Huku kwema. Sikujifanya mgonjwa. Nilivaa kanzu, nikasimama. Oswald alikuwa benchi la mbele, mtoto wake akitafuna karanga wakati wa sala. Nikaikunja karatasi ya wazee, nikatangaza kwamba Kornelio na Editha binti Mathayo wanakusudia kufunga ndoa, na mwenye kujua kizuizi aseme.

Jastin, mwenyekiti, akainuka. "Mwinjilisti, hilo silo tulilokupa!"

"Ndilo nililonalo," nikamjibu.

Kuna mtu alicheka. Nadhani ni mama yako.

Wamenivua kanzu. Tangazo la kwanza limesomwa. Yamebaki mawili, na hapa hayatasomwa. Tafuteni kanisa huko Mikumi, mniambie ni Jumapili zipi. Mimi na mama yako tutapanda basi tuje tukae mbele kabisa. Mwenye kizuizi atakisema mbele yangu.

Baba yako,
Mathayo