Shangazi wa Njaa Kali

Dada Rehema,

Nakusalimu kutoka Unguja, ambako jua linachoma hata kivulini.

Jana bosi wangu, yule msanii wa hip hop anayejiita Njaa Kali, aliita waandishi wa habari hotelini Mji Mkongwe. Mimi nilikaa nyuma yake na mitambo yangu ya muziki. Akawaeleza alivyokua yatima bandarini Malindi, akilala juu ya magunia na kushindia maji. Mwandishi mmoja alikuwa akifuta machozi.

Mara akaingia mama mmoja mtu mzima na bakuli la urojo lililofunikwa sahani.

"Suleimani," akaita.

"Naam, shangazi. Shikamoo," bosi akajibu, akavua miwani ya jua.

"Marahaba. Ulilala Malindi lini wewe? Ulikuwa ukilala kwangu Jang'ombe, na kuku ulikuwa huli ila paja. Njoo ule, urojo unapoa."

Akala mbele ya kamera zote mpaka akamaliza. Nikajua kazi yetu imekwisha. Kumbe watu wameipenda video hiyo kuliko nyimbo zake zote, na leo asubuhi amerekodi wimbo wa kumsifu shangazi. Ila humo ndani shangazi amekufa, tena kwa njaa.

Tulimpelekea ausikilize. Bi Zuhura, shangazi mwenyewe, alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kufuata mdundo, kisha akaniuliza, "Na hitima yangu mtapika pilau au biriani?"

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Karafuu zako nshanunua.

Mdogo wako,
Masanja