Ulikula Fungu Langu la Nyama

Mume wangu mpendwa, Baba Aline,

Majibu ya damu yangu yalitoka juzi, na ni mazuri. Kolesteroli imeshuka, presha imetulia, na daktari anasema moyo wangu unadunda kama wa msichana. Ungekuwa hai ungeimba mpaka jirani agonge ukuta. Mimi nilitoka hospitali nimeinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa ameiba kuku wa watu. Naona haya kuwa mzima, na wewe ndiye niliyezoea kumpa majibu kwanza.

Unakumbuka siku ugonjwa wangu ulipopata jina? Kabla ya hapo yalikuwa maumivu ya viungo tu, homa zisizo na sababu na madoa mekundu usoni. Daktari akasema ni lupus, kwamba kinga ya mwili imenigeuka, inanipiga mimi mwenyewe. Wewe ukasema, "Kumbe hata ndani ya mwili ya bibi yangu kuko vita." Ulicheka peke yako. Daktari hakucheka, maana milio ya risasi ilikuwa inasikika tangu asubuhi kutoka upande wa milimani.

Nikapewa vidonge vya kotizoni, na uso ukavimba ukawa mviringo kama sinia. Waliokimbia vita walikuwa wanapita mtaani kwetu Musaga wamekonda, na mimi nimesimama katikati yao na mashavu yangu. Pale kwenye bomba la maji mwanamke mmoja aliniambia, "Mama Aline, we vita inakunenepesha." Wengine waliyaona madoa wakanong'ona kwamba ni SIDA, yaani UKIMWI. Sijui kipi kiliniumiza zaidi, kudhaniwa nimeshiba au kudhaniwa nakufa. Nikaanza kujifunika kitenge mpaka puani.

Kisha vipimo vikaonyesha mafuta mengi kwenye damu. Daktari alituelezea taratibu kwamba lupus yenyewe huharibu mishipa ya moyo, na dawa inayoituliza inaweza kuongeza mafuta hayo, kwa hiyo hata mwanamke wa umri wangu anaweza kuanguka ghafla kama mzee. Nipunguze mawese, niache nyama ya mafuta na ngozi ya kuku, nile maharagwe na mboga, na samaki wetu mukeke nimle wa kuchoma, si wa kukaanga. Nitembee kila siku, lakini si juani, kwa sababu jua huiamsha lupus. Halafu akakutazama wewe. "Na bwana, tumupime pia?" Vifaa vya maabara vilikuwa haba kwa sababu ya vikwazo ilivyowekewa nchi. Ukasema, "Apana, mi niko muzima. Mubakize ya bibi."

Kutembea bila jua katika mji wenye amri ya kutotoka usiku ni kazi. Tulikuwa na nafasi ndogo tu, tangu amri inapokwisha alfajiri hadi jua linapopanda. Tulishuka barabara ya Musaga, mimi na mwavuli bila mvua, wewe na redio ndogo sikioni ujue kama njia ni salama. Askari wa kizuizi cha barabarani walituzoea. Mmoja alipenda kuuliza, "Leo tena munaenda wapi?" nawe unamjibu, "Tunaenda kurudi." Nilikuwa nakuvuta mkono uache utani na watu wenye bunduki. Asubuhi ambazo milio ilianza mapema tuliizunguka nyumba yetu wenyewe, mpaka majani yakafa pale tulipopita.

Shida ilikuwa sahani za watu. Kwetu chakula cha mwenye nyumba hakikataliwi. Ukikataa, ni kama umemwambia mbele ya wageni kwamba unaogopa sumu yake, na miaka ile, jirani akimchunguza jirani, hilo lilikuwa neno zito. Kusema ukweli nilishindwa. Ningetaja ugonjwa wowote, wangesikia SIDA. Basi wewe ukabuni dawa yako. Kwenye kila harusi na kila ubatizo ulikaa kushoto kwangu, na mwenye nyumba akigeuka tu, nyama yangu ya mbuzi imehamia kwako. Ngozi ya kuku, ndizi za kukaanga, maharagwe yanayoogelea kwenye mawese, vyote ulivimaliza. Siku moja kwa mama yako, kule Mutanga Nord, nilikunong'oneza kwamba utapasuka. Ukajibu mdomo umejaa, "We tulia. Mama akiona sahani yako nyeupe, anafurahi." Na kweli alifurahi. Aliwasifia watu mkwe wake asiye na maringo, anayekula kila anachopewa.

Ulipoanguka kwenye ngazi za ofisi yenu Rohero, walikuja kuniita, na swali langu la kwanza lilikuwa risasi imeingia wapi. Hakukuwa na risasi. Ulikuwa moyo. Msibani walikuja wajane ambao waume zao waliuawa njiani, wakanishika mikono, nami nikashindwa kuwatazama. Ningewaambia nini, kwamba wangu ameuawa na sahani zangu? Daktari anasema nisijibebeshe mzigo huo, kwamba moyo huwa na sababu nyingi, kwamba ulivuta sigara na baba yako pia alikwenda ghafla. Namwelewa kabisa. Nikifika nyumbani nikaona kiti chako, haya inarudi palepale.

Jana tuliondoa matanga, kwa mama yako. Wazee walisema maneno yao, wakanywa kwa heshima yako, kisha mama akaniletea sahani kwa mikono yake mwenyewe. Mbuzi, mafuta yanang'aa. Alitaka watu wanione ninakula, wajue kilio kimekwisha. Kushoto kwangu alikaa ndugu yako mkubwa, ambaye hakujua lolote.

Nikasema, "Mama, siwezi."

Ua wote ukanigeukia. Niliona kabisa wanachofikiri. Ikabidi niseme yote, kwa sauti, mbele ya wajomba na majirani: lupus, vidonge vilivyonivimbisha uso, mafuta kwenye damu, moyo ninaoulinda tangu miaka ile.

Mama yako alinisikiliza amesimama. Kisha akauliza polepole, "Na hapa kwangu sahani yako ilikuwa inarudi nyeupe. Ni nani alikuwa anakula?"

"Ni Baba Aline, mama."

Akakaa chini, akafunika uso kwa kitenge chake. Nilingoja anifukuze, na ningeona ni haki yake. Alipofunua uso aliwaita ndugu zako, wote, akawaambia, "Kesho kutwa muende kwa muganga wa hospitali. Awapime moyo." Mkubwa akaanza kusema ana kazi. Mama hakumtazama. Alinigeukia mimi, macho mekundu, sauti ya kawaida kabisa. "Na we utawapeleka. We njia unaijua."

Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza. Ila leo jioni ndugu zako wamenitumia ujumbe, wanauliza kama ni lazima waende bila kula kitu asubuhi. Nimewajibu kwamba ndiyo, waje na njaa, nami nitakuwa nimetangulia pale mlangoni pa hospitali.

Pumzika, mume wangu.

Mama Aline, mke wako