Ukoko wa Kwabena

Peckham, London
Jumapili

Dada Placida,

Shikamoo. Viungo vya pilau alivyotuma mama vimefika. Huku ni mvua tu, na Efua ameng'oka jino la mbele.

Leo nimepika jollof, ule wali wa nyanya na pilipili wa kwao Ghana. Unakumbuka nilivyokuwa namtania Kwabena kwamba ni pilau iliyokosa iliki. Nilifuata kila alichokuwa akifanya, ila mkono wenyewe ukatia viungo vya mama. Efua alionja, akaweka kijiko chini, akaniambia kwa Kiingereza kwamba huu si wa baba.

Alikwenda jikoni, akakwangua ukoko, akaugawa mafungu mawili kama walivyozoea, yeye na baba yake. Lake akala. La pili akalifunika kwa sahani.

Keshokutwa tunatimiza mwezi tangu tulipomzika Kwabena. Najua bado hamjamwambia mama, kwa ajili ya presha yake. Mwambie wewe, dada, mimi siwezi. Kwenye pakiti ya viungo ameandika kwa mkono wake: "Vya mkwe wangu, asinyimwe."

Ni mimi mdogo wako,
Blandina