Viraka Viwili vya Bluu Sebuleni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Fundi amemaliza kupaka rangi sebule yako leo. Ni ile rangi ya kushoto. Imependeza, lakini natamani ukuta ungebaki na viraka vyake.

Unakumbuka nilivyokuja Kinampanda na makopo mawili madogo ya rangi, nikapaka viraka viwili ukutani mbele ya kiti chako ili uchague? Vyote bluu nyepesi. Kimoja kilielekea kijivu kidogo, kingine kijani. Mama alivitazama akauliza, "Sasa tofauti iko wapi?" Akarudi kupepeta mtama wake. Wewe ulivikodolea macho kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba.

"Niache kwanza nizizoee," ulisema. "Njoo Jumamosi."

Jumamosi nikapanda basi kutoka Singida hadi Kiomboi, kisha bodaboda mpaka nyumbani. Ukasema ya kushoto. Tulipomaliza ugali na mlenda, ukasema hapana, ile ya kulia inatulia zaidi jioni. Safari nyingine ulitaka uzione siku ya mawingu. Nyingine, eti pazia lifuliwe kwanza. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikachoka. "Baba, hii ni rangi tu," nilikwambia mara ya mwisho. Ukanisindikiza hadi barabarani, ukauliza, "Lakini utakuja?" Nikajibu nitakuja ukishaamua, unipigie simu.

Hukupiga. Kabla mvua hazijaisha, akapiga Mama, kunipa habari za kifo chako.

Juzi, kwa kuwa ndugu wanakuja kumaliza msiba, nilimuuliza Mama kama uliwahi kumtajia rangi uliyoipenda. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Ya kushoto. Tangu siku ile ya kwanza."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Angekwambia, ungekuja kufanya nini tena?"

Nilitoka nje nikalia, Baba. Kabla ya rangi nilikuwa nakuja Krismasi na kwenye misiba tu. Ungesema umenikumbuka, najua ningekujibu kwamba kazi zimenibana. Nawe ulijua.

Pumzika salama. Kiti chako hatujakisogeza.

Kesho narudi Singida. Mama ameniagiza rangi mbili za jikoni, azijaribu ukutani. Nimemwambia nitazileta Jumamosi, na asiharakishe kuchagua.

Ni mimi,
Binti yako